Uyoga Usio na Mti

Uyoga ulikuwa umeota chini ya kikanyagio cha cherehani, na Firmin hakuweza kushona. Sakafu ya karakana ile ya Jeppestown, Johannesburg, ilikuwa saruji tupu, iliyomwagwa na watu waliokuwa wakitengeneza betri za magari kabla mafundi wa nguo hawajahamia, na uyoga ulikuwa umetoka katikati yake bila kuacha ufa. Ulikuwa na kofia nyekundu ya rangi ya tofali, pana kama kisahani cha chai, na shina nene la njano. Firmin aliinama, akaukata kwa mkasi wa suti. Nyama yake ilikuwa ya njano, na kabla hajainuka ikageuka bluu.

"Bon," alisema. "Iko bowa." Kwao uyoga huitwa bowa.

Akauweka juu ya meza, akaendelea na suruali ya mteja. Alipotoka kula na kurudi, kikanyagio kiligoma tena. Uyoga mwingine ulikuwa umesimama palepale, mkubwa kuliko wa kwanza.

Mtu wa kwanza kuja kutazama alikuwa Khatibu, mtu wa Tanga, aliyekuwa akiuza zipu, vifungo na nyuzi kwenye mlango wa mbele. Alichuchumaa, akaunusa.

"Fundi, kitu hiki mnakila?"

"Kwetu Likasi tunakula."

"Sisi Tanga tuna samaki. Kula kuvu tumewaachia ninyi watu wa porini."

"Na ile ng'onda, samaki wako mkavu unayotunukishia korido nzima," Masika akasema kutoka mlango wa pili, "ile ni marashi?"

Masika alikuwa msusi, mwanamke wa Butembo mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alikuwa na kichwa cha mteja mapajani, nusu kimesukwa, nusu bado. Yeye na Firmin walikuwa wamekubaliana kuoana. Korido nzima ilijua, mchungaji alijua, na mashemeji wa Firmin kule Likasi walikuwa wamepelekewa habari wiki ileile uyoga ulipotokea. Hao ndio waliokuwa wakisubiriwa, maana Firmin alikuwa mjane. Mke wake Marthe alifia Johannesburg, na huko kwao mtu akifiwa na mwenzake, marehemu humkalia begani. Humwita mufu. Haonekani wala haumi, lakini yupo, na hatoki kwa sala wala kwa dawa. Ndugu wa marehemu tu ndio wenye mkono wa kumtoa. Mjane anayeoa kabla hajatolewa mufu anampeleka mke mpya kwenye kitanda cha watu watatu, na Masika alikuwa amesema wazi kwamba kitanda chake ni kidogo.

"Nina mtoto wa dada yangu," Khatibu alisema, akijipangusa magoti. "Nusaiba. Yuko chuo kikuu hapa, anasomea uyoga."

"Anasomea uyoga?" Masika akauliza.

"Mwaka wa nne huu."

"Na bado haujaisha?"

Nusaiba alikuja siku ya pili, mtandio amejifunga vizuri na viatu vya mazoezi miguuni, na kikapu chenye brashi, kisu na mifuko ya karatasi. Alimwamkia Firmin shikamoo, akalala kifudifudi chini ya cherehani kama fundi wa magari. Alipotoka alikuwa na uyoga mkononi, ameugeuza chini juu.

"Tazama hapa, Mzee Firmin. Uyoga wa dukani ukiugeuza una mikunjo kama kurasa. Huu hauna. Una matundu madogo madogo, kama sifongo. Basi ni wa ukoo wa sifongo. Ukoo huo una mmoja unaoota mjini hapa, kule juu Observatory, chini ya misonobari. Ule ulikuja na miche ya misonobari kutoka Ulaya, umejificha kwenye mizizi. Lakini ule ni wa kahawia, na ukiukata unabaki mweupe."

"Huu ni wa kwetu," Firmin alisema. "Unaota chini ya mti tunaouita mutondo, mvua za kwanza. Mke wangu alikuwa akiuita bowa ya wakwe. Akikupikia huo, jua amekuheshimu."

"Nimeusoma. Uko Katanga, uko Zambia, unafika hadi kusini ya kwetu Tanzania. Hauji huku chini, kwa sababu miti yake haiji huku chini." Alikaa juu ya stuli ya wateja. "Uyoga wa ukoo huu hauishi peke yake. Chini ya ardhi una nyuzi, na nyuzi zimeshikana na mizizi ya mti wake. Mmoja anatafuta maji, mwingine anapika. Ukiwatenganisha, uyoga unakufa. Kwa hiyo hatuulizi kwanza jina la uyoga. Tunauliza, mti wake uko wapi?"

Walitazama huku na huku. Kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia, pasi, na sanamu ya mbao isiyo na kichwa iliyovalishwa koti la mwanakwaya. Masika alichungulia akasema pale mti ni Khatibu tu, kwa urefu na kwa kutozaa matunda. Nusaiba alipima unene wa sakafu, akagonga hapa na pale kwa mpini wa kisu.

"Hapana mti," alisema. "Basi tutautafuta."

Mvua ziliendelea kunyesha kila alasiri, kama desturi ya Johannesburg wakati wa joto, na uyoga uliendelea kuota. Firmin alijifunza kuukata asubuhi kabla hajakaa, na tena baada ya kula. Aliuvua ngozi, akaukata vipande, akavitunga kwenye uzi wa kushonea jinzi na kuvianika juu ya dirisha, karibu na zipu za mfano. Harufu yake ilijaa karakana, harufu ya njugu na ya majani yaliyolala chini muda mrefu. Wateja waliokuja kupimwa walisema pananukia nyumbani, hata wale waliozaliwa mtaa wa Berea, mjini humohumo, na hawajui nyumbani ni wapi.

Firmin hakuichukia harufu ile. Marthe alikuwa mtu wa bowa. Mvua ya kwanza ikipiga mabati kule Likasi, alikuwa akitoka na beseni kabla ya kuoga, na akirudi humwoni uso kwa vile beseni limejaa. Walipohamia Johannesburg alinunua mara moja ule mweupe wa supamaketi, uliofungwa kwa plastiki. Alionja, akaweka kijiko chini, akasema hii ni bowa ya wagonjwa. Akacheka mpaka majirani wakagonga ukuta, akawagongea na yeye.

Uyoga ulianza kujitokeza sehemu nyingine. Firmin mwenyewe aliukuta kwenye ngazi za jengo alilopanga chumba Berea, jengo la ghorofa nyingi ambalo lifti yake ilikuwa imekufa kabla yeye hajaja. Ulikuwa umeota pale ngazi zinapokata kona, kwenye tarazo. Masika aliuona kwenye robot, pale magari yanaposimama taa ikiwa nyekundu, ukingoni mwa barabara. Mwanamke aliyekuja kusuka alisema upo kwenye geti la kliniki ya Berea, na mlinzi anauchota kwa koleo kila asubuhi. Mwingine akasema upo pia kliniki ya pili, ile ya kushukia Jeppestown, chini ya dirisha. Wa mwisho aliuona Nusaiba mwenyewe alipompeleka rafiki yake hospitali kubwa. Ulikuwa umeota chini ya benchi la kusubiria, na wagonjwa walikuwa wameweka mikoba yao kuuzunguka ili usikanyagwe.

Nusaiba alileta ramani ya mji, akaitandaza juu ya meza ya kukatia. Firmin alimpa pini zake zenye vichwa vya rangi, na kila mahali palipothibitishwa pakachomwa pini nyekundu.

"Sijaona mtawanyiko kama huu," Nusaiba alisema. "Bustani zipo, hakuna. Kilima cha Observatory kina udongo mzuri, hakuna. Unaota penye saruji, penye lami, penye tarazo. Uyoga wenye akili ungeota kwenye udongo."

"Watu wa kule ni vichwa vigumu," Khatibu alisema. "Hata uyoga wao."

Thierry, kaka yake Marthe, aliwasili kwa basi, amepita Zambia na Zimbabwe akiwa amekalia mfuko wa unga ili usiibwe. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kusahau mahali alipoweka miwani yake. Alimkumbatia Firmin mlangoni muda mrefu, kisha akala, kisha akalala, na kesho yake wakafanya kilichomleta.

Mkeka ulitandikwa chumbani Berea. Firmin alikaa juu yake kifua wazi, miguu ameinyoosha. Masika alikaa kwenye korido, maana si halali mke mtarajiwa kuona, lakini mlango uliachwa wazi kiasi cha yeye kusikia. Thierry alimwosha Firmin mikono na uso, akampaka unga kipaji cha uso na kifuani, akamwita dada yake kwa majina yake yote, jina la ukoo, jina la ubatizo, na lile la utotoni ambalo Firmin hakuwa amelisikia tangu harusi. Akamwambia kazi imekwisha, mume amekutunza vizuri, mwachie, twende. Kisha akaweka kiganja juu ya kichwa cha Firmin na kungoja uzito upande mkononi mwake, kama ilivyo kawaida.

Alingoja sana. Akabadilisha mkono.

"Beau, shemeji yangu," alisema mwishowe, "kichwa chako kiko tupu."

"Hilo tunalijua siku nyingi," Masika akasema kutoka korido.

"Nasema kweli. Dada yangu hayuko hapa. Hajawahi kuwa hapa." Thierry alikaa chini kwenye mkeka, kiganja kikiwa bado cheupe kwa unga. "Tumefanya kama wazee walivyofanya. Mtu akifa kitandani kwake, mwenzake yuko pembeni, anamrukia mwenzake. Marthe alifia wapi?"

"Hospitali. Nilikwambia kwa simu."

"Uliniambia alifia hospitali. Sikukuuliza alifikaje."

Firmin alivaa shati lake, akasema twende karakana. Walipofika, Nusaiba alikuwa pale akipima kofia za uyoga, na ramani ilikuwa mezani na pini zake. Firmin alivuta uzi mweusi kutoka kwenye kibonge, akafunga fundo kwenye pini ya ngazi za Berea, akaanza kueleza. Hakueleza kwa machozi. Alieleza kama mtu anayemwonyesha mteja jinsi kipande kinavyoungana na kingine.

Alisema Marthe aliamka na maumivu ya tumbo, upande wa kulia. Walishuka ngazi kwa miguu. Kwenye kona ya ngazi alisema, Firmin, acha nikae kidogo. Akakaa.

Akavuta uzi hadi pini ya pili. Kwenye geti la kliniki walikuwa wamesimama watu waliovaa fulana za kufanana, si wauguzi, watu tu, na walitaka kitambulisho cha raia wa nchi. Marthe alikuwa na karatasi ya ukimbizi, imekunjwa vizuri kwenye Biblia yake. Wakamwambia mama, hii si ya hapa. Alisema, acha nikae kidogo. Akakaa ukutani.

Akavuta uzi hadi kwenye robot. Alikaa ukingoni taa ikabadilika mara nyingi, na akafanya mzaha kwamba hata magari yanapumzika. Kliniki ya pili geti lilikuwa wazi, lakini karani wa dirishani alisema vilevile kama wale wa kwanza, kwa upole zaidi. Alikaa chini ya dirisha. Kisha wakaja karakana kumsubiri mtu wa kanisani mwenye gari, na Marthe akakaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa cherehani, miguu ameinyoosha kwenye kikanyagio kwa sababu chuma kilikuwa cha baridi na baridi ilimsaidia. Gari likaja. Hospitali walipokelewa, lakini foleni ilikuwa ndefu, na alikaa kwenye benchi. Walipomwita jina hakuweza kusimama. Daktari alisema kilikuwa kidole tumbo, kimepasuka. Akasema mngekuja asubuhi.

"Tulikuja asubuhi," Firmin alisema.

Uzi uliishia kwenye pini ya mwisho. Haikubaki pini nje ya uzi, wala uzi haukupita mahali pasipo na pini. Nusaiba aliufuata uzi kwa kidole, pini hadi pini.

"Basi mti ni yeye," alisema. Akachukua kisanduku alichohifadhia uyoga wa kwanza, na kwenye lebo yake, mahali pa mti mwenyeji palipokuwa wazi tangu mwanzo, akaandika: Marthe wa Likasi.

"Na kwa nini sasa?" Khatibu aliuliza. "Miaka yote hii kimya."

"Uyoga ni tunda tu, mjomba. Wenyewe unakaa chini ya ardhi miaka, unangoja."

"Alisikia naolewa," Masika alisema. "Mimi pia ningetoka."

Thierry alichukua mfuko wa unga. Alisema kosa lilikuwa lao wote, walimtafuta kwa mumewe, na yeye alikuwa ameachwa njiani kipande kipande. Sasa angemwokota. Alianza hapohapo. Alipaka unga mguu wa cherehani, akamwita dada yake kwa majina yote, akaung'oa uyoga kwa mkono bila kisu na kuutia katika mfuko uleule wa unga. Walingoja. Sakafu ilibaki saruji. Firmin alikanyaga kikanyagio, na cherehani ikaenda.

Kesho yake walikwenda kwenye ngazi, ikawa hivyohivyo. Kwenye robot Thierry aliinama ukingoni huku taksi zikimpigia honi, na dereva mmoja akatoa kichwa akapaza sauti, "Eish, mzee, taa ni ya kijani!" Thierry akamwambia aendelee tu, yeye anamsubiri dada yake. Dereva akasema sharp, yaani sawa, akaendelea, na Thierry akaung'oa uyoga.

Kliniki ya Berea watu wa fulana walikuwepo getini. Wengine walikuwa walewale. Mmoja, kijana mwenye sauti nzuri, alimsimamisha Thierry.

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna. Nimekuja kumchukua dada yangu. Alikaa pale ukutani."

Kijana aligeuka akatazama. Uyoga ulikuwa umesimama chini ya ukuta, umelowa mvua, unang'aa. Hakuonyesha kushangaa.

"Ana kitambulisho?"

"Amekufa."

"Nimekuuliza ana kitambulisho?"

"Hana."

"Basi huyo hapiti hapa."

"Hataki kuingia, mwanangu. Anataka kutoka."

Kijana alifikiri, akaenda kuulizana na wenzake, akarudi. Alisema utaratibu ni mmoja, kwa anayeingia na kwa anayetoka. Wakati wanazungumza, mwanamke mwenye mimba kubwa alifika na kurudishwa. Alitazama barabara ilivyo ndefu, akasogea ukutani, akakaa kidogo, taratibu, asiukanyage uyoga.

Kliniki ya pili karani alisema kwa upole kwamba wafu hawashughulikiwi pale dirishani. Hospitali mlinzi wa mlangoni aliomba kadi ya miadi. Walirudi mara nyingine na mara nyingine, na Masika naye akaenda na kugombana kwa Kinande cha kwao, Kiswahili na Kifaransa, mpaka visa ya Thierry ikakaribia kwisha.

Usiku wa kuagana Masika alipika ule uyoga uliokuwa umekauka juu ya dirisha, kwa njugu zilizosagwa, na akamwandalia Thierry kwa mikono miwili, goti moja chini. Hakufundishwa na mtu. Thierry alionja, akatafuta miwani yake, akaikuta kichwani, akaivua ili afute macho.

"Bowa ya wakwe," alisema. "Nani amekuonyesha?"

"Uyoga huu uko karakana muda wote huu. Mtu anasikia."

Hata Khatibu alikula. Alisema si mbaya, kama ng'onda isiyo na chumvi.

"Akina Marthe waliobaki kule getini," Masika aliuliza, akikusanya sahani, "watanisumbua?"

"Marthe hakumsumbua mtu," Thierry alisema. "Alitaka kukaa kidogo tu. Oaneni."

Wakaoana, na kitanda kikawa cha watu wawili. Firmin anashona. Nusaiba bado anakwenda kwenye mageti msimu wa mvua. Pale ukutani Berea ameshakuta mwingine pembeni ya ule mwekundu, mdogo, wa rangi ya chungwa, ambao kwao ni milima ya Zimbabwe, na mwingine mweusi wa misitu ya Malawi. Yote ni ya ukoo wa sifongo, na hakuna mti karibu. Mlinzi anaichota kwa koleo asubuhi, na mchana imerudi. Watu wa fulana huiruka wanapopita.

Gharama ya mageti hayo ni hii. Marthe wa ngazi, Marthe wa robot na Marthe wa karakana wamerudi Likasi kwenye mfuko wa unga, na wamefukiwa chini ya mutondo. Marthe wa geti la kwanza, Marthe wa dirisha na Marthe wa benchi wamebaki Johannesburg. Kaka mmoja alirudi nyumbani na nusu ya dada. Beseni moja kule kwao halitoki tena mvua ya kwanza. Na kidole tumbo kimoja, ambacho daktari alisema kukikata hakuchukui muda mrefu kuliko kuchemsha sufuria ya maharage.